Biti Sitini na Nne za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Imeletwa kompyuta mpya ofisini. Moja tu. Kapewa Shemeji!

Miaka kumi na mmoja nimekaa kitengo hiki cha ramani za mabomba ya maji. Yeye ana minne. Na kazi yenyewe nilimtafutia mimi, kwa kusumbuliwa na dada yake, ambaye ni mke wangu. Leo kakaa dirishani na kioo chembamba kama sahani, mimi nimebaki na mashine inayonguruma kama ya kusaga.

Fundi wa kompyuta akasema ile mpya ni ya biti sitini na nne. Nikamuuliza yangu. Thelathini na mbili. Nusu kamili!

Halafu Bosi akatangaza kwamba Mkurugenzi anakuja Ijumaa. Anataka kuona ramani ya mabomba kwa macho yake, na papo hapo atamteua mkuu wa kitengo. Nafasi hiyo nimeisubiri tangu Shemeji hajaota ndevu.

Nyumbani habari imenitangulia. Mke wangu anasema kaka yake ana nyota. Sikumaliza chakula.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza: macho. Nilimweleza Bosi kwamba kioo changu kinaniumiza macho, labda nipewe kile kipya. Akanihurumia sana. Akaamuru pazia la upande wangu lifungwe. Nimefanya kazi gizani kutwa, nimegonga goti mezani mara mbili.

Shemeji naye hakuniacha nipumue. Mara tano kaja mezani kwangu. Shemeji, samahani, nifungulie ramani ya mtaa wa sokoni. Shemeji, nifungulie na ya shule. Ana sitini na nne, anakuja kutumia thelathini na mbili yangu! Maringo tu. Anataka watu waone nani bwana, nani karani. Akirudi kwake anaitazama kompyuta yake na kushusha pumzi ndefu. Pumzi ya mtu aliyeshiba.

Jumatano, 5 Juni

Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Meno thelathini na mawili. Nikaikumbuka mashine yangu, roho ikaniuma upya. Hapo ndipo nilipokumbuka vibandiko.

Kila kompyuta ina kibandiko chenye namba, na daftari la vifaa linasema namba ipi ni ya nani. Namba 17 ni yangu. Mpya ya Shemeji ni 41. Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki na kijiko na kikombe cha maji ya moto. Gundi ikalainika. Dakika kumi tu, 17 iko kwenye mpya, 41 kwenye kuukuu. Nikaenda kwa Bosi kwa upole, nikamwambia pengine kuna makosa madogo ya meza.

Bosi haamini macho, anaamini daftari. Akalifungua, akasoma vibandiko, akaamuru tubadilishane mashine mara moja. Shemeji akachomoa nyaya papo hapo. Alinibebea mwenyewe, huku anatabasamu! Nikamwambia ajikaze, dunia ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Inawaka kabla sijakaa vizuri. Kimya! Nimeifuta vumbi isilokuwa nalo.

Saa tatu akaja mjenzi anayetaka kuchimba msingi, akauliza bomba linapita wapi kwake. Nikafungua kivinjari kwa madaha, nikabonyeza ramani. Kisanduku cha kijivu. Na maneno: programu-jalizi hii haioani na kompyuta hii. Nikazima, nikawasha. Kijivu. Nikamwambia mjenzi kwake hakuna bomba lolote, achimbe tu. Fundi aliyekuwa anapita akasikia, akamkimbilia mlangoni kumzuia.

Kisha akanieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. Ramani zetu hazionekani bila programu-jalizi, kijiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari. Chetu kilitengenezwa kwa mashine za biti thelathini na mbili. Hii mpya usanifu wake ni mwingine, inakikataa. Nikamwambia sitini na nne ni thelathini na mbili mara mbili, basi akiweke mara mbili.

Akasema toleo jipya huenda likafika kesho, huenda mwezi ujao. Akaandika kwenye karatasi yake ya kazi: namba 17, ondoa programu-jalizi ya zamani, weka mpya. Shemeji anayajua yote haya tangu Jumatatu. Kumbe zile pumzi!

Na yeye yuko kule na mashine yangu. Foleni mpaka mlangoni. Ramani zinafunguka moja baada ya nyingine, mjenzi anamshukuru kwa mikono miwili. Naapa ile mashine inamngurumia yeye vizuri kuliko ilivyoningurumia mimi miaka yote. Naona wivu. Basi, nimesema.

Ijumaa, 7 Juni

Niliwahi kabla ya mfagizi. Kijiko, maji ya moto. 17 ikarudi kwenye kuukuu, 41 kwenye mpya. Nikamwita Bosi. Akafungua daftari, akashika kichwa, akatubadilishia tena. Mashine yangu! Nikajaribu ramani, ikafunguka. Nikaipapasa. Nikampa Shemeji pole mapema.

Nikaenda chooni kufunga tai na kufanya mazoezi ya hotuba ya shukrani. Dakika ishirini. Narudi, Mkurugenzi kasimama nyuma ya kiti changu. Nikabonyeza ramani kwa mbwembwe, kidole kimoja. Kijivu!

Toleo jipya lilikuwa limefika. Fundi kaja na karatasi yake: namba 17, ondoa ya zamani, weka mpya. Hakutazama mashine, alitazama kibandiko. Ofisi hii kila mtu anatazama kibandiko! Akafuta ya zamani, na mpya ikagoma. Alipogundua, alikuwa na muda wa kuhudumia mashine moja tu. Akahudumia ya Shemeji.

Mkurugenzi akahamia dirishani. Ramani ikafunguka kufumba na kufumbua, mpaka bomba la choo nilichohutubia likaonekana. Akamuuliza Shemeji nani kamfundisha kazi. Akaninyooshea kidole mimi. Akateuliwa yeye.

Jioni alinivuta kando. "Nilitaka kukwambia ile mpya haifungui ramani, shemeji. Ila ulivyofurahi siku ile, nikashindwa." Hata wema kanizidi! Hilo nalo limeniuma.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji kahamia chumba chenye mlango. Ameomba ile ya sitini na nne nipewe mimi, pamoja na dirisha. Jina langu limeandikwa daftarini kwa wino. Ramani zinafunguka nikizigusa tu. Mke wangu aliniambia asubuhi sasa nitulie. Nikamwahidi. Nimejifunza, nilimwambia, na nilimaanisha.

Saa nne Fundi akapita na boksi la mkuu wa kitengo. Nikauliza tu. Kompyuta ya usanifu mpya kabisa, programu-jalizi zote zinaigomea, hata kivinjari chenyewe bado. Akanisihi nisiitamani, miezi sita hii itakuwa pambo la meza.

Nimeichungulia mlangoni. Nyembamba kuliko yangu! Namba 58.

Kijiko kiko kwenye droo. Maji nimeshayateleka.