Kunde za Pasaka

Jumapili, 5 Machi 1995

Mke wangu Akai ameondoka asubuhi kwenda kwao Kalokol, ziwani, kumsaidia mama yake kukausha samaki. Atarudi Pasaka. Kabla ya kupanda lori akaniuliza tena uwanja wa nyuma tutaufanyia nini. Yeye anautaka. Anataka kuweka vichanja vya kuanikia, awe akiletewa samaki kutoka ziwani na kuwauza hapa hapa mtaani Kanamkemer. Samaki! Chini ya dirisha la chumba cha kulala! Nikamwambia uwanja ule una mpango. Akauliza mpango gani. Mdomo ukasema bustani kabla sijaushauri.

Hakucheka. Alisema sawa: Pasaka akikuta mboga za kujaza chungu kimoja, zilizomea hapo nyuma, uwanja ni wangu na hatauliza tena. Akikosa, ni wa samaki. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, wale kuku, ile mizinga isiyowahi kuona nyuki, na biashara ya barafu. Barafu, katika joto hili la Lodwar. Angepiga kelele ningejua la kumjibu. Upole ndio ulioniuma. Nataka mara moja tu mke wangu arudi nyumbani akute jambo nimelimaliza.

Jumatatu, 6 Machi

Nimelima baada ya kazi. Jembe limeruka likanikosa mguu. Mimi nimekulia Kitale, baba akiwa askari kule, na Kitale ukitema mbegu ya papai mwaka ujao unakula papai. Hapa nimemwaga ndoo nzima, ardhi ikayanywa maji yote na wala haikubadilika rangi.

Mwalimu Stephen, jirani, alichungulia juu ya ua wake wa mabati. Ana mistari miwili ya sukuma wiki anayoimwagilia maji waliyoogea watoto wake, na huiangalia kila asubuhi kama mtu aliyezaa. Akauliza kama kuna mtu ninamzika. Nilimwambia aendelee na sukuma yake.

Alhamisi, 9 Machi

Ofisi ilinituma Kakuma na lori. Kazi ikaisha mapema, nikaingia kambi ya wakimbizi kumwona Mama Adau, Msudani ambaye madereva wote wanamsifu kwa bustani yake. Wanasema kweli. Kunde, bamia, majani nisiyoyajua jina, yote nyuma ya nyumba ndogo ya matope, kwa maji yanayomwagika bombani na samadi ya mbuzi. Ua wake ni mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopondwa ikawa bapa. Kiswahili chake kina Kiarabu cha Juba na changu kina Kiingereza cha ofisi, lakini tulielewana.

Alinifungia mbegu za kunde katika kipande cha gazeti. Akasema nianze na samadi, nyingi, halafu nizungushe kitu ambacho mbuzi hajawahi kulala ndani yake. Miba hapana, alisema. Mbuzi akiona miba anaona kwao. Nilimshukuru vizuri sana. Njiani nikacheka hadi dereva akauliza kuna nini. Msudani wa Bor anamfundisha Mturkana mambo ya mbuzi! Nitatumia miba. Miba ni bure.

Jumamosi, 11 Machi

Leo akili yangu imefanya kazi hadi nimejiogopa. Kubeba samadi ni taabu. Kwa nini niibebe? Mbuzi wenyewe wailete. Nimeongea na Etabo, mzee anayechunga upande wa mtoni. Tumekata miba, tumezungusha uwanja wote, na mbuzi wake watalala ndani siku kumi. Etabo aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akanishika mkono, ejok, ejok, vizuri sana, akasema baba yangu angefurahi kuona nimekumbuka nyumbani. Sikuelewa lakini nilitabasamu.

Jumanne, 14 Machi

Sijalala tangu Jumamosi. Mbuzi anakohoa kama mtu mzima. Kuna beberu mmoja mweusi, pembe moja imevunjika, huja kusimama dirishani na kunitazama nikivua viatu. Mwalimu Stephen ameuliza kama nimeacha kazi ya serikali nikarudi kuchunga. Samadi lakini inajaa. Nimeishika kwa mkono. Nzuri ajabu.

Jumanne, 21 Machi

Mbuzi wameondoka. Nimepanda kunde zote, nimemwagilia, nimefunga lango la miba. Nikaketi nje na chai yangu nikasikiliza ukimya.

Jua linazama, mbuzi hao! Kundi zima, wametoka mtoni bila mchungaji, wamejipanga langoni. Pembe Moja mbele. Hawakufanya fujo. Walisubiri tu, kama watu waliofika kwao wakakuta mlango umefungwa. Etabo akaja anahema, akanieleza pole pole kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mbuzi akilala mahali siku kumi ndani ya miba, pale ni kwao. Alidhani najua. Kila mtu anajua, alisema. Nikamwambia bila shaka najua.

Jumamosi, 25 Machi

Wanakuja kila jioni. Nimehamishia lango upande wa pili. Walizunguka. Nimepiga sufuria. Walingoja nimalize. Kunde zimetoa vichwa, kijani kibichi. Kila alasiri natoroka ofisini kuja kusimama langoni na fimbo. Karani mzima.

Jumatatu, 27 Machi

Dawa imepatikana. Mbuzi wanataka miba? Nimewapa miba. Nimejenga duara lingine, kubwa, zuri, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya mabati ya Mwalimu Stephen, nikalitandazia samadi kidogo ili linukie. Pembe Moja alisita, akanusa, akaingia. Wote wakafuata. Sasa beberu anakohoa chini ya dirisha la mwalimu. Nimelala kama mfalme.

Ijumaa, 7 Aprili

Kunde zimepita vifundo vya miguu. Majani mapana, laini. Nimemwagilia maji ya kuogea, ya kuoshea vyombo, hata ya kunawia uso. Akai ametuma salamu na dereva kwamba atafika Jumamosi jioni, siku moja kabla ya Pasaka. Ananiuliza kama atafute miti ya vichanja. Nimemjibu asisumbuke.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimegundua jambo la kuudhi. Kila asubuhi, mbuzi wakitoka, Mwalimu Stephen huingia katika lile duara langu na ndoo, anazoa samadi, anaipeleka kwenye sukuma yake. Sukuma hiyo sasa inachungulia juu ya mabati! Na leo amenishukuru mbele za watu. Amesema mimi ni jirani wa maana.

Mimi nijenge, yeye avune? Haiwezekani.

Jumamosi, 15 Aprili, mchana

Nimelivunja duara. Miba yote nimeileta kwangu, nimeiongeza juu ya ua wangu hadi imekuwa nene mara mbili. Bustani sasa ni ngome. Mwalimu alisimama na ndoo yake tupu, akauliza mbuzi watalala wapi leo. Nikamwambia hilo si swali langu. Naoga, nakwenda kumpokea mke wangu.

Jumamosi hiyo hiyo, usiku

Gari la Kalokol lilichelewa. Nilisimama kituoni nimevaa shati jeupe. Akai akashuka, akanitazama, akaniuliza kama ni kweli mboga zipo. Nikamwambia njoo uone. Njia nzima nilimshika mkono. Sijui mara ya mwisho nilifanya hivyo lini.

Walikuwa ndani. Ua mnene ndio uliowapendeza zaidi. Lango walilisukuma, wakala walichokikuta, wakalala. Pembe Moja alikuwa amepumzika katikati ya uwanja, anacheua, na jani moja la kunde limemning'inia mdomoni.

Akai aliinama, akashika bua moja lililobaki. Akasema kweli zilimea. Hakucheka. Ningempa mshahara wangu wa mwezi kama angecheka.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Etabo alikuja asubuhi ameinamisha kichwa, amemvuta beberu kwa kamba. Akasema aliyekula ndiye alipe. Tumemchinja Pembe Moja. Chungu kilijaa.

Nikamweleza Akai hoja yangu, ambayo bado naiona haina kasoro. Kunde ziliingia ndani ya mbuzi, mbuzi akaingia chunguni, kwa hiyo mboga za nyuma ya nyumba zimejaza chungu Pasaka, kama tulivyokubaliana. Etabo aliitafakari sana. Akai akaniongezea nyama, akasema uwanja ni wa samaki.

Mwalimu Stephen naye akaja na karai la sukuma, zawadi. Akasema ni kwa sababu ya samadi yangu. Ilikuwa tamu.

Jumanne, 18 Aprili

Vichanja vimesimama. Akai aliifunga miti mwenyewe kabla sijarudi kutoka kazini, na samaki wa kwanza wako juani chini ya dirisha. Wateja wameshapiga foleni. Anaimba.

Mimi nimekaa nikalifikiria jambo hili kwa utulivu, nikagundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa mbuzi. Mbuzi ni mfupi, macho yake yako sawa na kunde. Sasa, ndugu yake Etabo ameshuka kutoka Kaikor na ngamia wake. Ngamia ni mrefu. Anakula vya juu, chini hana habari nako, na samadi yake ni kubwa. Uwanja wa mbele uko mtupu kabisa. Nimemwomba awalaze hapo siku kumi tu.

Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Miba nimeshaanza kukata.