Ombi la Kuuawa kwa Mashujaa Kumi na Mmoja, Mimi Nikiwa wa Kwanza

Kwa Shemeji, Mwenyekiti wa Meza ya Jumamosi,

Kabla ya yote nakujulia hali wewe na goti lako. Mimi sijambo, ila nina kinyongo, na nimeona heri nikiandike kabla hakijanitoka mdomoni mbele ya wageni wako.

Unajua fika kwamba kwa miaka kumi na tisa tumekusanyika sebuleni kwako kila Jumamosi alasiri kucheza mchezo wetu. Kila mtu ana shujaa wake wa kwenye karatasi, tunarusha dadu, tunashuka mapangoni kutafuta hazina, na majoka yanatubanika. Sheria zilikuwa zile zile za toleo la zamani, alizozitafsiri kwa mkono marehemu kaka yangu, mume wako, aliyefariki kabla hatujaanza kucheza, katika daftari lenye jalada la bluu. Mwezi wa sita binti yako akaja na toleo jipya, kitabu kinene chenye picha za rangi. Nawe ukaamua, bila kuniuliza mimi mwongozaji wa mchezo, kwamba Jumamosi moja tucheze la zamani na inayofuata jipya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika toleo jipya watu hawafi. Ukurasa wa kumi na saba wa daftari, kaka aliandika wazi: "Mhusika akiishiwa uhai hufa". Hata nukta hakuweka mwishoni, kuonyesha kwamba jambo hilo halina mjadala. Katika kitabu cha binti yako, mhusika akiishiwa uhai huzimia, akapewa dawa, akalala, na asubuhi akaamka anaulizia chai.

2. Mchawi wangu, Kibiriti, ameharibiwa tabia. Kwa sheria za zamani ana uhai wa kufa kwa chafya na uchawi mmoja tu kwa siku. Amefika uzeeni kwa kukaa nyuma ya wenzake akishika taa, na mimi nilijivunia sana. Jumamosi iliyopita, kwa sheria mpya, alirusha moto mara kumi na nne. Nilirudi nyumbani na furaha isiyolingana na umri wangu. Jumatatu mteja aliingia dukani akanikuta, mimi fundi saa wa kuheshimika, naunyooshea kidole mshale wa saa ya ukutani huku nikitoa mlio wa moto. Ameichukua saa yake, na sidhani kama atarudi.

3. Kuna suala la kinyozi. Utakumbuka kwamba mwaka ule wa kwanza shujaa wake, askari wa deraya, alitumbukia shimoni, uhai ukamwisha. Nilisoma ukurasa wa kumi na saba kwa sauti, tukachukua kamba yake tukaendelea na safari. Yeye alikunja karatasi yake akaaga, na hajakaa mezani kwetu tena. Hadi leo ananinyoa, na upande wa kushoto hutoka mfupi kuliko wa kulia. Nimetembea na kichwa cha upande miaka yote hiyo kwa ajili ya sheria. Sasa ikiwa watu hawafi, Shemeji, yeye alikufa kwa nini? Alikuwa rafiki yangu. Kila nikikaa kwake kunyolewa najiuliza hilo, na kioo chake ni kikubwa.

4. Kwa hiyo, tangu mwezi wa sita kuna mashujaa kumi na mmoja wanaoishi kinyume cha sheria. Wa kwanza ni Kibiriti, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Wa pili ni shujaa wako, yule mganga, aliyekufa mara mbili siku moja na bado anadai zamu yake. Naomba wote wauawe Jumamosi hii saa tisa, kwa utaratibu, na kitabu kipya kifungiwe kabatini. Wewe ni mkunga mstaafu, unaelewa kwamba kuzaliwa kuna utaratibu wake. Basi na kufa pia. Binti yako aliniambia, kwa adabu zote, kwamba huenda baba mdogo nimekosea kusoma. Kaka aliandika "hufa". Mimi ni nani nimwongezee herufi?

Ombi hili likikataliwa, nitajiuzulu uongozaji na kuondoka na daftari.

Nikingoja hukumu yako, nabaki shemeji yako mtiifu inapowezekana,

Fundi Saa

Nisalimie binti yako, wachezaji wenzetu fundi cherehani na mumewe, na paka anayelalia ramani zetu. Kinyozi ukimwona, mwambie tu kwamba nipo.

Tanbihi: Nilitaka kuambatanisha ukurasa wa kumi na saba uwe ushahidi. Ukingo wake ulichanika wiki ya kwanza kabisa, nikauziba mwenyewe kwa utepe mweusi. Leo nimeubandua kwa kibanio cha saa ili uonekane vizuri, na chini yake mstari unaendelea. Kaka hakuandika "hufa". Aliandika "hufanyiwa tiba na wenzake". Nimeutazama mara nne kwa lenzi ya kazini, na nukta ipo.

Usimuue mtu yeyote. Kitabu kibaki mezani, daftari nalo libaki kando yake, nitacheza yote mawili mtakavyopanga. Nafunga duka sasa niende kwa kinyozi, ingawa sina nywele za kunyoa. Nitamwambia kwamba bado yuko hai shimoni, na kwamba Jumamosi tunashuka kumtoa, kwa kamba yake mwenyewe.