Malalamiko Juu ya Kijiti cha Kushoto

Visiga, Kibaha

Kwa Bwana Kibwana Matano,
Duka la Kompyuta, Maili Moja.

Mwanangu Kibwana,

Nianze na jambo ninalolificha. Kwa miezi saba nimemwambia mke wangu, Bi Mwanaamina, kwamba najifungia chumbani kusikiliza mawaidha. Sisikilizi mawaidha. Nacheza mpira kwenye kompyuta, kwa pedi ya michezo uliyoniuzia, ile ya kushika mikononi yenye vitufe na vijiti viwili. Daktari amesema moyo wangu hauna safari ndefu, nami sipendi kuondoka na malalamiko kifuani. Yenyewe ni haya:

1. Dukani uliniwekea pedi tatu mezani, moja ya waya na mbili zisizo na waya. Ukasema, "Mwalimu, usitazame rangi. Shika, fumba macho, usikie kama vidole vinafika." Nikafumba macho mbele ya wateja kama bibi harusi. Nikachagua ya waya, maana kwangu kitu kisichofungwa hupotea. Hapo sina lawama.

2. Ulipokuja kuiunganisha, kompyuta iliniamuru nibonyeze kitufe kimoja kimoja ili inijue. Nimefundisha miaka thelathini na minne, sijapata kutahiniwa na sanduku. Nilitii. Pedi ikatetemeka, na Bi Mwanaamina akauliza kutoka ukumbini, "Mzee, huo mngurumo ni wako au wa friji?"

3. Hili ndilo kubwa. Kijiti cha kushoto ndicho kinachomkimbiza mchezaji. Mkono wa kulia, tunaolia chakula na kupeana salamu, umeachiwa kubonyeza vitufe kama karani. Mkono wa msalani ndio nahodha!

4. Nilipokueleza, ulicheka. "Mwalimu, ingia kwenye mipangilio, vijiti vinabadilishwa. Mashine haina fimbo." Nilivibadilisha, nikafungwa tisa bila. Nikavirudisha, nikashinda mechi kumi na moja mfululizo. Hii ni njama ya watengenezaji.

5. Neno lako la fimbo halijanitoka. Mwaka 1971, kule Kisarawe, ulikuwa ukiandika kwa mkono wa kushoto, na daftari lako lilikuwa safi kuliko yote. Niliufunga mkono huo kwenye dawati kwa kamba ya katani. Ulipochomoka, niliuchapa juu ya vifundo. Ukaacha shule darasa la tano. Nilifanya kwa faida yako. Sasa kama kushoto kunaweza kuongoza timu nzima, watu watauliza nilikuwa nalinda nini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, usiuze pedi nyingine mpaka kijiti cha kushoto king'olewe. Waliokwisha kununua waitwe kwa kipaza sauti, kuanzia Maili Moja hadi Misugusugu, wafungwe kidole gumba kwa kamba mpaka kishike adabu. Anayeshinda kwa kushoto, ushindi wake ufutwe.

Na wewe uje hapa Visiga uandike, kwa mkono wa kulia, kwamba zile fimbo zilikufaa. Imamu wetu na jirani yangu Telesphory watashuhudia. Naitaka karatasi hiyo kabla sijafa. Nikiikosa, sijui nitajitetea kwa lipi nitakapoulizwa habari zako.

Msalimie mkeo Nuria, wanao wote, mafundi wako, na wateja walioniona nimefumba macho.

Ni mimi, mlinzi wa mkono wa kulia,
Mwalimu Mwinyimadi Hemedi (Mstaafu)

Nyongeza: Karatasi usiiandike. Njoo tu, mwanangu, na kama moyo wako utakubali, unisamehe. Hazikukufaa, nilijua siku ileile. Marehemu baba alinifunga kamba kama niliyokufunga wewe, nami sikuvumilia kukuona ukifanya waziwazi nililolificha. Mlikuwa mkicheka mwandiko wangu ubaoni, mkisema kuku kapita. Ule ulikuwa wa mkono wa kulia. Huu unaousoma, ulionyooka, ni wa kushoto. Mimi ni mashoto, Kibwana, tangu kuzaliwa.