Ufukwe wa Makao Makuu

Wananchi walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumamosi, Dodoma itakuwa na ufukwe. Bahari ingefuata baadaye, kwa awamu.

Tangazo hilo lilitolewa na Mkurugenzi wa Mandhari, Bwana Gaudence, mtu mwadilifu ambaye hakuona kwa nini mikoa ya pwani ijivunie kitu ambacho serikali haijakigawa sawasawa. Mheshimiwa Waziri alikwisha kuahidi kuja kuogelea. Nafasi ya ukatibu mkuu wa wizara ilikuwa wazi, na Gaudence aliitaka sana.

Afisa wake wa jiografia, Restuta, alijaribu kumweleza.

"Bosi, ufukwe haujengwi. Mawimbi yanamega miamba, yanasugua kokoto mpaka ziwe mviringo, nyingine zinasagika kuwa mchanga. Wimbi linasukuma juu, halafu linavuta chini. Kokoto nzito zinabaki juu, mchanga unateremka na maji. Ni kazi ya maelfu ya miaka."

"Maelfu ya miaka kwa sababu haina msimamizi," alisema Gaudence.

Ikaundwa Kamati ya Mawimbi. Watu wa masjala walipewa zamu ya asubuhi, kusukuma maji kwa milango ya ofisi iliyong'olewa; wahasibu zamu ya jioni, kuyavuta. Kwa kuwa maji hayakuwepo bado, walifanya mazoezi makavu. Madereva walikaa kivulini wakisugua kokoto kwa msasa, moja moja, na kazi ilikwenda vizuri.

Mchanga ulichimbwa kwenye korongo la nyuma ya Miyuji, ukasombwa na malori yaliyokodiwa Kibaigwa. Huko Gaudence aliwakuta bibi Dorkasi na wenzake wamefukua visima mchangani, kama wafanyavyo kila kiangazi, wakichota maji kwa kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnatuchukulia maji?"

"Maji hayajaguswa, bibi. Tunachukua mchanga tu."

"Sasa hayo maji yatakaa wapi?"

Gaudence aliahidi kulifikisha swali hilo kwenye kikao. Malori yakaendelea kupakia.

Jumamosi Mheshimiwa aliwasili, koti la suti juu, bukta chini. Mchanga ulikuwa umesawazishwa, kokoto zimepangwa kwa ukubwa. Gaudence akaamuru pampu iwashwe. Pampu hiyo ilivuta maji kutoka korongo lile lile. Ikakohoa, ikatema vumbi, ikanyamaza.

"Bahari iko wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Imekupwa, Mheshimiwa."

"Itajaa lini?"

"Desemba, mvua zikijaliwa."

Mheshimiwa akapiga makofi, maana waandishi wa habari walikuwepo, kisha akakimbilia nyumbani kuoga. Bomba la nyumbani kwake nalo likakohoa. Mtaa wote wa wakubwa ulikuwa ukinywa maji ya korongo lile.

Alasiri Gaudence, koo limekauka na aibu imemjaa, akabeba ndoo mwenyewe kwenda korongoni. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo cha mchanga ambako malori hayakufika. Bibi Dorkasi alikuwa akigawa maji kata kwa kata, na wanawake waliokuwa foleni walimsema kila kiongozi waliyemfahamu, hawakubakiza. Gaudence akapita moja kwa moja hadi mbele.

"Bibi, mimi ni Mkurugenzi."

"Karibu, baba. Foleni inaanzia kule."

Akarudi nyuma. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mtu wa bukta, kajitanda khanga ya mkewe kichwani, ndoo kifuani. Gaudence akainama kwa heshima.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Hebu nyamaza!" alinong'ona yule mtu. "Nimewaambia mimi dereva."