Sifuri Moja Kwenye Kikasha cha Pasi

Jumatatu, 3 Agosti
Profesa amefika. Ni mtoto wa mjomba, kanizidi mwaka mmoja, na hilo jina nimempa mimi, kimoyomoyo. Atakaa nasi likizo nzima. Kakaa saa mbili tu kwenye duka letu la udobi, tayari kalichora lote kwenye kompyuta yake: kikasha cha Kupokea, mshale, Kufua, mshale, Kukausha, Pasi, Kukunja. Kila kikasha na dakika zake. Ukibonyeza Endesha, vidoti vyekundu, yaani nguo za wateja, vinafuata mishale kama siafu. Mama kamwita "mwanangu". Mimi, aliyenizaa mwenyewe, huniita "we".

Jumanne, 4 Agosti
Mama kasema Jumamosi atachagua nani akae naye kaunta, kwenye kiti cha kuzunguka. Kiti hicho nakitamani tangu darasa la nne! Profesa anaongea na wateja kama redio. Mimi nasomeshwa kwa lugha mbili na nanyamaza kwa zote mbili. Leo nilidhamiria kumwambia Mama kwamba nakitaka. Nikamwambia sabuni imeisha. Haikuwa imeisha.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimepata dawa yake. Kaenda kuoga, kompyuta kaiacha wazi. Kwenye Pasi aliandika dakika 6 kwa shati. Nikaongeza sifuri. Moja tu! Kesho anawaonyesha wafanyakazi wote. Vidoti vitarundikana, ataumbuka, na Mama atajua mwenye akili humu ndani ni nani.

Ijumaa, 7 Agosti
Vilirundikana kweli, foleni ikajaa kioo kizima. Nikasubiri Mama acheke. Akavuta kiti karibu. Akasema kumbe ndiyo maana wateja wanalalamika, na kompyuta haina ugomvi na mtu. Wote wakamgeukia Babu Pasi, anayepiga pasi hapa tangu sijazaliwa. Akaiweka pasi chini, taratibu.

"Shati moja saa nzima, mama? Mimi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikakunja taulo lililokwisha kukunjwa. Mama akamwambia asijali, mzee wangu, atapata msaidizi. Profesa alikuwa anaikodolea macho ile sitini, anakuna kichwa. Mama akamshika bega.

"Umetufumbua macho, mwanangu."

Profesa akaacha kukuna.

Jumamosi, 8 Agosti
Profesa kapewa kiti. Anakizungusha makusudi. Msaidizi wa pasi ni mimi, likizo nzima.

Babu Pasi kanyoosha shati kwa dakika sita, nimemwangalia kwa saa ya ukutani. Kisha akanipa langu, akaegemea ukuta, naye akaikazia macho saa. Kola. Mikono. Kola tena, maana mikono iliikunja. Mgongo. Kola! Dakika sitini na moja.

Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Kumbe kompyuta haikunisema mimi, mjukuu wangu. Ilikuona wewe unakuja."

Wamecheka mpaka mashine ya kufulia nadhani ilicheka. Mama ndiye aliyecheka zaidi.

Lakini sijashindwa. Kukunja ni dakika 3. Jioni hii Profesa kaenda tena kuoga, nami nimeongeza sifuri. Kesho kutwa patatakiwa msaidizi wa kukunja, na kwa kuwa mimi tayari niko kwenye pasi, atakayekuwepo ni Profesa peke yake, kiti kibaki wazi. Nimeshapiga hesabu zote. Mama hawezi kumpa mtu mmoja kazi mbili.