Kuhusu Kiini cha Yai Kilichohamishwa Kutoka Sahani Yangu

Matulo, kupitia Webuye
20 Machi 2006

Kwa Afisa wa Lishe,
Kitale.

Ndugu Afisa, ambaye pia ni mwanafunzi wangu Jepchumba wa darasa la saba, mwaka wa 1978,

Natumai mvua imeshuka huko Kitale, na kwamba wewe na watoto mko salama. Huku Matulo tumeshapanda mahindi na yameanza kuchungulia. Mimi pia ni mzima, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kuwa mzima akila nusu ya yai.

Utakumbuka kwamba wiki kumi zilizopita binti yangu Nasike alinileta kwako baada ya mimi kushikwa na kizunguzungu nikiwa nyumbani kwake. Ulinipima presha, ukaagiza nitolewe damu, ukaniuliza ninakula nini asubuhi. Nilijibu kwa ukweli, kama nilivyowafundisha ninyi kujibu: mayai manne. Uliandika kwa muda mrefu sana. Kisha ukanipa karatasi na kusema, "Mwalimu, usome yote." Jambo hilo sikulipenda. Mtu aliyefundisha kusoma kwa miaka thelathini na mitatu hakumbushwi kusoma.

Tulipofika nyumbani, mke wangu Sellah aliibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa kabati la vyombo kwa uji wa unga wa mahindi, kama tulivyokuwa tukibandika ramani shuleni. Humo umeandika, na kupigia mistari miwili: "Kiini cha yai, acha. Tumia ute peke yake." Mwandiko wako bado ni mzuri. Ila chini kabisa, pembeni kulia, kuna mchirizi wa kalamu unaofanana na mkia wa panya. Ningekuwa ninasahihisha, ningekukata alama moja ya unadhifu.

Tangu siku hiyo sijaonja kiini. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Yai lenyewe. Sellah hulipasua juu ya bakuli na kuhamisha kiini kutoka ganda hili hadi lile, polepole, kama fundi wa saa, mpaka ute wote umeanguka. Ute huo hukaangwa na kuletwa mezani ukiwa mweupe, mwembamba, umekunjamana kingoni, kama leso iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa pamoja na suruali. Kiini hubaki jikoni. Mwanzoni nilidhani anampa mbwa. Lakini mbwa wetu amekonda. Sellah hajakonda.

2. Alama zako. Katika mtihani wa sayansi wa muhula wa pili, swali la tano liliwataka mtaje chakula kimoja cha kujenga mwili na mtoe sababu. Uliandika: "Yai. Ni chakula kamili kwa sababu kifaranga hutoka humo akiwa na mifupa, manyoya na macho yake yote." Nilikupa alama mbili juu ya mbili, nikaandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu. Bado naliona kuwa jibu bora. Kifaranga huishi kwa kiini siku ishirini na moja mfululizo, bila mboga na bila mazoezi, na sijasikia kifaranga hata mmoja aliyeanguka kwa presha.

Leo unaniambia kinyume. Basi mmoja wetu alikosea. Kama ni wewe, tafadhali nirudishie alama mbili. Kama ni mimi, shida ni kubwa zaidi, maana nimepiga hesabu na kuona kwamba niliwapa alama hizo watoto wapatao elfu moja mia nne. Nitalazimika kuwaandikia wote na kuwapunguzia. Mmoja wao sasa ni mchungaji wa kanisa, na alipita kuingia sekondari kwa alama mbili tu. Itabidi avue kola, arudi darasa la saba na ndevu zake.

Usidhani kwamba nina kinyongo kwa sababu ya ule mtihani mwingine, wa hesabu. Ulijibu maswali thelathini ya mbele ukayaacha kumi ya nyuma. Ulipogundua, ulilia na kuniomba dakika tano. Nilikunyima. Nilikwambia mbele ya darasa zima, "Karatasi ina mgongo, Jepchumba." Nilifanya hivyo kwa faida yako, na naona ilikufaa.

3. Mila. Wewe ni mtu wa mlimani, kwa hiyo acha nikueleze ya kwetu Bungoma. Nilipokuwa mtoto, mwanamke hakula kuku wala yai. Mama yangu alifuga kuku maisha yake yote na akaingia kaburini bila kujua ladha ya yai. Wazee walikuwa na sababu zao, na ukizichunguza utaona kwamba zote ziliishia kwenye sahani ya mzee. Mwaka wa 1966, nikiwa mwalimu kijana, nilisimama katika mkutano wa wazazi na kusema kwamba kina mama wale mayai, hasa wenye mimba. Wazee watatu waliondoka. Mmoja alinitabiria kwamba nitazeeka vibaya.

Nilishinda vita hivyo, na sijuti. Lakini nilipigania marufuku hiyo ifutwe. Sikupigania ihamishiwe kwangu.

Tena haikuishia kwenye yai. Mwezi jana mkwe wangu Cheruiyot, mume wa Nasike, alikuja kututembelea, tukachinja jogoo. Unajua firigisi ya kuku ni ya nani katika nyumba. Ni ya baba mwenye nyumba, hata akiwa amelala huamshwa kwa ajili yake. Sellah aliitazama karatasi yako, ambayo haisemi lolote kuhusu firigisi, akaamua kwamba firigisi ni jirani wa yai ndani ya kuku na kwa hiyo ina hatia. Akampa Cheruiyot. Mkwe wangu ni kijana mwenye adabu; aliila akiangalia ukutani.

Wageni walipoondoka nilipandisha sauti kidogo. Sellah hakubishana. Alisema tu, "Kizito pia alikuwa anakula vizuri." Kizito alikuwa kaka yake, rika langu. Jioni moja alienda kumfungua ng'ombe malishoni, na ng'ombe akarudi nyumbani peke yake, akiburuta kamba. Tulimzika wiki hiyohiyo. Ndiyo maana nakuandikia wewe wala simwandikii Sellah.

4. Heshima yangu nje ya boma. Sellah alitoa habari za kiini changu katika kikundi cha akina mama kanisani, ili wamsaidie kunilinda. Wamemsaidia. Pale sokoni, yule mama anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari huniuliza hali, hunipa kachumbari, na kufunika beseni. Jumapili iliyopita niliombewa. Mchungaji alitaja wagonjwa, wajane, wasafiri, na "Mwalimu Sitati na jaribu lake la mayai." Kanisa zima liliitikia amina, watoto kwa sauti kubwa kuliko wengine. Huyu ndiye mchungaji wa alama mbili niliyemtaja hapo juu.

Baada ya ibada, jirani yangu Barasa alinialika kwa chai. Mkewe, Joy, aliweka mbele yangu yai la kuchemsha lililokatwa katikati, na ndani yake nikaona rangi ya manjano. Nakiri kwamba machozi yalinilengalenga. Nikasema sala fupi na kuuma. Lilikuwa boga. Joy alikuwa ameondoa kiini, akaponda boga, akalijaza mahali pake na kulisawazisha kwa kijiko, ili nisijisikie mpweke mezani. Barasa, aliyekuwa akila mawili ya kweli, aliniambia, "Vumilia, Mwalimu. Hata boga ni neema." Nimemjua Barasa kwa miaka arobaini na sikuwahi kumtakia mabaya mpaka siku hiyo.

5. Gharama ya uvumilivu. Mtu akinyang'anywa furaha moja, mwili hutafuta nyingine. Ili niweze kuumeza ute huo, imenibidi niuteremshe kwa chai ya vijiko vinne vya sukari, zamani vilikuwa viwili. Pembeni nakula mandazi matatu, na mkate uliokaangwa katika yale mafuta yanayobaki kwenye kikaango, maana ni dhambi kuyamwaga. Tukichinja kuku, kwa kuwa firigisi haipo, nafidiwa kwa ngozi. Sellah hanizuii, amekagua karatasi na haikatazi. Nayataja haya ili uone nimejitoa kiasi gani kutii amri yako. Hata hivyo kizunguzungu hakijaisha, na magoti yanalia nikipanda kilima cha kwa Barasa. Sababu iko wazi kwa mtu yeyote aliyesoma sayansi. Ni ukosefu wa kiini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, moja kati ya mambo haya. Uniruhusu yai zima moja kwa siku, kwa barua yenye muhuri, isomwe kanisani kabla ya matangazo. Au, kama sayansi yako haikubali, uwaandikie kuku wangu kumi na mmoja wa Matulo na kuwaeleza watage ute peke yake, kwani wao ndio walioanzisha jambo hili na mpaka leo wanazunguka bomani bila kulaumiwa. Naambatisha karatasi yako kama ushahidi.

Nisalimie watoto, na yule kijana wa maabara aliyenitoa damu kwa mkono mwepesi. Ukikutana na Nasike na Cheruiyot, waambie tunawakumbuka, na kwamba simlaumu mtu kwa firigisi aliyopewa. Sellah anakusalimu pia. Anakupenda sana tangu Januari.

Ni mimi, ninayekutii kwa shingo upande,

Eliakim Sitati
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Tanbihi, saa kumi alasiri.

Nimeibandua karatasi yako kwa maji ya moto na kisu ili niitie katika bahasha. Uji wa Sellah unashika kuliko simenti, lakini imetoka nzima. Karatasi ina mgongo.

Mkia wa panya ni mshale.

Huko nyuma, kwa mwandiko wako uleule, umeandika kwamba katazo la kiini ni la wiki mbili tu, hadi majibu ya damu yatoke, na kwamba nirudi siku hiyo bila kukosa. Kwamba baada ya hapo, yai zima moja kwa siku, la kuchemsha, si neno kwa mtu wa hali yangu. Na kwamba mambo ninayopaswa kuyaacha moja kwa moja ni sukari katika chai, mandazi, mkate wa kukaanga, ngozi ya kuku, na mafuta yanayobaki kwenye kikaango. Orodha hiyo inafanana na lalamiko langu la tano kana kwamba ulikuwa umeketi chini ya meza.

Nilimuuliza Sellah kwa nini aliibandika bila kuigeuza. Alikuwa anachambua kunde, na hakuinua kichwa. "Mwalimu ni wewe," akasema.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote yaliyotangulia. Badala yake naomba, kwa heshima ileile, upande wa mbele uendelee kuwa sheria na wa nyuma ufutwe. Ute nimeuzoea. Ni mwepesi, hauna makuu, na kwa chai ya vijiko vinne mtu haoni tofauti. Kiini kibaki kwa Sellah, kimemkubali.

Kuhusu mtihani wa hesabu wa 1978, nakupa dakika zako tano.

Naongeza mistari hii kutoka mezani. Karatasi haitakufikia. Sellah ameibandika tena kwenye kabati, mgongo ukitazama nje, na kopo la sukari silioni. Amesema Alhamisi tunakuja Kitale, na hakuuliza. Mbele yangu ameweka yai moja la kuchemsha, na ameketi upande wa pili, mikono mapajani, anangoja nile.

Nimelipasua. Si boga.