Gari Nyekundu Isiyonguruma

Jumamosi, 6 Septemba

Hukumu imetoka leo baada ya chai. Khairiya, mke wangu, amesema mama yake ameanza matibabu ya macho hospitali ya Chake, na kuanzia tarehe 18 kila Alhamisi anatakiwa kufika. Anakaa Gando, na Gando si mlango wa pili. Kwa hiyo moja kati ya mawili: ama nipate usafiri wa uhakika wa kumchukua na kumrudisha, ama Bi Mwatum ahamie kwetu Wawi, chumba cha nje.

Chumba cha nje! Hicho ni afisi yangu. Humo nilibuni mradi wa sabuni ya mwani, humo nilibuni mradi wa kuku wa mayai, na humo ndimo ninamoandika haya. Mwanamme asiye na mlango wa kufunga amekwisha. Bi Mwatum namheshimu mno, Mungu shahidi. Lakini ana tabia ya kuniuliza habari za wale kuku mbele ya wageni.

Nikasema nitanunua gari. Khairiya akauliza kwa fedha gani. Nikasema za karafuu za msimu huu. Akauliza petroli je. Hapo ikawaka akili ya ukoo wetu. Babu yangu alikuwa na mikarafuu isiyohesabika, na mimi nimerithi kichwa chake, ingawa mikarafuu mingi waligawana wengine. Gari ya umeme! Haili petroli, haitaki oili. Inakula yuniti tu, kama friji.

Kweli, jirani yetu Jaribu ana gari ya kukodi. Tangu ekzosi yake ioze inanguruma hata aliyeko Chake anajua Jaribu anatoka Wawi. Khairiya alitaja jina lake mara moja tu. Nikamwambia bora nimbebe Bi Mwatum mgongoni. Mtu aliyeufyeka mgomba wangu akidai umevuka mpaka, mimi simpandii gari.

Jumapili, 7 Septemba

Siku nzima kwenye simu na Talal wa Unguja, muuza magari yaliyotumika. Mtu wangu wa zamani. Ndiye aliyeniuzia mashine ya kuangulia vifaranga.

Ameniletea picha za gari tatu. Nimejifunza mambo mengi. Afya ya betri huonekana kwenye vipande vidogo vya taa mbele ya dereva. Betri mpya ina vipande kumi na viwili, na kila ikizeeka kimoja kinazimika, hakirudi tena. Nyeupe ina kumi, lakini bei yake ni ya waziri. Ya kijivu ina vinane, ila viti vimechanika na mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Nyekundu ina vitano. Lakini nyekundu hiyo! Inang'aa kama embe ya sokoni, viti vipya, na bei yake imenifanya nitabasamu peke yangu.

Talal ananihakikishia kwamba vile vipande ni mapambo tu. Yeye mwenyewe ameiendesha kutoka mjini hadi Fumba na kurudi, na moto wa betri ukabaki.

Khairiya anasomesha fizikia skuli, na huo ndio mtihani wa maisha yangu. Akauliza kutoka mjini hadi Fumba kuna milima mingapi. Nikamjibu umeme haujui mlima, mbona unapanda nguzo kila siku. Akarudi kwenye madaftari yake. Nimechukua nyekundu.

Jumatano, 10 Septemba

Gari imeshuka bandarini Mkoani salama. Nilivaa kanzu ya Idi kwenda kuipokea. Nikawasha, kimya. Nikadhani haikuwaka, nikakanyaga, nusura nirudi baharini.

Raha iliyoje! Haitoi mlio hata kidogo. Nilipita barabarani watu wameanika karafuu zao kando ya lami, hakuna aliyegeuka. Kwa kawaida ikija gari wanaisikia tangu mbali, wanavuta jamvi ndani. Mimi nilipita kama jini, na nikaona huo ndio ustaarabu.

Kabla ya Mtambile umeme ulianza kuujua mlima. Kipande cha chaji, si vile vya afya, kikazimika. Kingine kikafuata. Katikati ya mwinuko gari ikawa inakwenda mwendo wa bi harusi, kisha ikasimama. Nikateremka, nikafungua boneti, nikaangalia ndani kama mtu anayejua.

Aliyetokea ni nani? Ngurumo ilimtangulia. Jaribu akasimama, akasalimu vizuri, akauliza kama nahitaji kamba. Nikasema nimepumzika tu, natazama mandhari. Akasema sawa, akatia gia. Nikamwita.

Alinivuta hadi Wawi. Njiani nilikuwa nikiwapungia mkono watu, na naamini kwa mbali ilionekana mimi ndiye ninayemsukuma. Hakutaka malipo, ili aniudhi.

Ijumaa, 12 Septemba

Gari inachajiwa, nyumba inakufa. Ikichomekwa hatupigi pasi, hatuwashi feni. Mita inalia kila wakati kama kitoto kichanga. Khairiya jana alisahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Alivuta pumzi kwa sauti kubwa sana.

Jumanne, 16 Septemba

Jana nilifanya safari ya majaribio hadi Gando. Mbinu zangu: kiyoyozi nimezima, redio nimezima, viatu nimevua nisitie uzito. Kwenye mteremko naachia gari ijiendee. Kwenye mlima naomba dua. Nimefika, na kipande kimoja cha chaji mkononi! Ningependa Jaribu awepo aone.

Sasa nilipoingia uani kwa Bi Mwatum, nilitaka kumshangaza. Yeye alikuwa amenipa mgongo, ameinama anageuza karafuu zake juani, zimekauka uzuri, rangi ya kahawia safi, daraja la kwanza kabisa. Uani pote ni majamvi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kipande kimoja. Nikasikia kwarakwara chini ya magurudumu, nikadhani changarawe.

Majamvi mawili. Karafuu zimekatika vichwa, hazina thamani tena ila ya kunukishia kabati. Kazi yake ya wiki nzima, kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa macho yale mabovu. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Nikapiga magoti, nikaanza kuokota moja moja. Bi Mwatum alisimama juu yangu na miwani yake myeusi. Hakugomba. Angegomba ningepoa.

"Mkwe wangu," alisema, "gari ya watu hupiga hodi."

Kisha akatoa uamuzi. Gari asiyoisikia hapandi, kwa sababu macho hana na masikio ndiyo aliyobakiwa nayo. Ikiwa Alhamisi haitasikika, ataniambia nimpokee na sanduku lake kabisa. Nikalala kwake ili nichaji. Alfajiri yuniti zake zikamalizika, na barafu zake za ukwaju anazowauzia watoto wa skuli zikawa maji. Nimeona nisilitaje hilo kwa Khairiya.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeamka na jawabu! Gari haina mlio, basi ipewe mlio.

Kengele ya baskeli haitoshi. Makopo nimeyafunga nyuma, yamekatika njiani. Halafu Jaribu akawasha gari yake upande wa pili wa ua, vikombe vikatikisika kabatini, na mimi nikaelewa. Nikajificha nyuma ya migomba na simu, nikairekodi ile ngurumo mwanzo hadi mwisho, pamoja na kikohozi chake cha kubadilisha gia. Jaribu akaniona. Akauliza nafanya nini. Nikasema narekodi ndege.

Nimeazima spika ya maulidi, nimeifunga mbele ya gari, nimeiunga na betri. Majaribio ya jioni yamefana kupita kiasi. Kila nyumba niliyopita watu walitoka mbio na mizigo wakimwita Jaribu. Bi mmoja alishatia gunia la muhogo kiti cha nyuma kabla hajaniona uso, akalitoa.

Nimempigia simu Bi Mwatum. Nimemwambia kesho ataisikia tangu kwa mbali. Ikisimama apande nyuma, afumbe macho yake yapumzike, asijisumbue na salamu wala mazungumzo. Akasema vyema. Mimi na yeye hatuna maneno mengi, kama ilivyo heshima ya mkwe na mkwe, na mpango wote nimeujenga juu ya heshima hiyo.

Afisi imeokoka.

Alhamisi, 18 Septemba

Wacha nieleze kwa mpango.

Nilitoka Wawi mapema nikinguruma. Sikujua spika inakula betri kuliko magurudumu. Mlima wa mwanzo tu baada ya Wete, gari ikasimama. Ngurumo ikaendelea. Nimesimama kando ya njia, gari haitambai hata hatua, na inanguruma kama meli. Wapita njia walikuwa wakinipa pole kwa namna nisiyoipenda.

Wakati huohuo Jaribu, bila kunitaka idhini, alikuwa amepeleka watu khitmani Gando tangu alfajiri. Akapita mbele ya nyumba ya Bi Mwatum, akasimama kumpisha ng'ombe. Bi Mwatum akasikia ngurumo aliyoahidiwa. Akatoka na buibui lake na mkoba, akapanda nyuma, akafumba macho. Akasema, "Hospitali, mwanangu." Jaribu ni dereva wa kukodi. Abiria akisema hospitali, anakwenda hospitali.

Wamenipita! Nilipunga mikono yote miwili. Jaribu akapiga honi, akadhani namsalimu. Nyuma yake nikamuona mama mkwe wangu, ametulia, macho kafumba, kama nilivyomuelekeza.

Khairiya ameshasikia kisa chote na amenisimulia, akisita kila mara ili acheke. Njiani dereva alimuuliza mama kama upepo unamuumiza macho. Akapunguza mwendo penye mashimo. Bi Mwatum akajisemea moyoni kwamba Marhoun, yaani mimi, amebadilika, labda anaumwa. Walipofika akamfungulia mlango, akamwambia, "Taratibu, Bibi, pana ngazi hapo." Hapo akafumbua macho, maana alijua huyo hawezi kuwa mimi.

Alimsubiri mpaka akatoka. Akamnunulia madafu. Akamrudisha kwake.

Alhamisi, 25 Septemba

Napenda iandikwe kwamba mpango umefaulu. Bi Mwatum anakwenda hospitali kila wiki kwa gari inayosikika, harudii habari ya kuhamia, na afisi ni yangu. Ni kweli gari si yangu, lakini wazo la ngurumo ni la nani?

Jaribu leo ameondoka na kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi mpaka uani kwetu. Nadhani ana kesi mahakamani. Ni mgane wa miaka mingi, hana wa kumnasihi, maskini.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakuwa na kesi.

Amekuja baada ya alasiri na wazee watatu na halwa. Nilidhani wamekuja kusuluhisha jambo la mgomba, nikawakaribisha kwa sura ya mtu aliye tayari kusamehe. Mzee mmoja akaanza kwa maneno ya kuzunguka, ua, bustani, jirani mwema. Nikasema mgomba wangu ulikuwa kwangu tangu enzi za babu. Wakatazamana. Kumbe wameleta posa. Kwa Bi Mwatum! Na kwa kuwa Khairiya hana kaka, mimi ndiye wa kuwajibu.

Niliomba udhuru, nikaingia ndani. Nilimwambia Khairiya hili jambo halina heshima, mtu wa umri ule, na ekzosi ile. Sikuwahi kumuona Khairiya vile. Hakucheka. Machozi yalikuwa yamemjaa. Alisema mama amekaa peke yake tangu baba afariki, anapika chungu cha mtu mmoja, na sisi tunagombania chumba. Akanipa simu, Bi Mwatum yuko upande wa pili.

Nikamuuliza, kwa adabu, kama ameridhika.

"Mwanangu Marhoun," alisema, "mie usiku nikikaa hasikiki mtu. Huyu namsikia tangu yuko njiani, na moyo wangu watulia."

Nikamrudishia Khairiya simu. Nikatoka nikawaambia wazee ndiyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nikahi ilisomwa jana baada ya sala ya Ijumaa. Pilau nzuri, siikatai.

Sasa sikiliza. Jaribu, kwa ajili ya bibi harusi, amebomoa paa lake lote ili aezeke bati jipya. Nyumba haina paa. Na vuli inakuja. Khairiya akasema Gando ni mbali na hospitali, na wazee hawawezi kulala nje na mtoto wao yupo hapa, tena na chumba kizima cha nje. Jana hiyohiyo meza yangu ikatolewa.

Naandika haya jikoni, juu ya gunia la mchele. Afisini kwangu yumo Bi Mwatum, na Jaribu yumo, na ile gari imeegeshwa chini ya dirisha. Imewashwa alfajiri ili ipate moto. Leo asubuhi Khairiya alinisimamia mpaka nikamwendea jirani yangu na kumwambia shikamoo, Baba. Alijiweka sawa kwanza, aifaidi. "Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha Bi Mwatum akamsimulia habari za kuku, tangu ile mashine ya vifaranga.

Lakini mtu mwenye kichwa havunjiki moyo. Nimefikiri usiku kucha hapa jikoni na kosa langu nimelijua: nilinunua gari moja. Betri yenye vipande vitano haipandi mlima, hilo nakubali. Lakini vitano na vitano ni kumi! Nikiwa na gari mbili, moja ikizimika mlimani nyengine inaivuta, na zamu inabadilika. Khairiya nimemfichia, fizikia yake haijafika huko.

Talal nimeshampigia. Anayo nyekundu nyengine, dada yake hasa, vipande vinne, bei ya kutupa. Kilichobaki ni mtu wa kuendesha ya pili. Baba mkwe akitoka kusali adhuhuri nitamwamkia kwa adabu zote, kisha nimwambie auze ile yake.